Mkono wako hauna kosa mwanangu, angalia maji na kalenda

SWALI: "Shikamoo bibi shamba. Naishi Tabata Segerea, uwanja wetu karibu wote ni pevingi ila pembeni ya ukuta kuna kipande cha udongo kama mita mbili kwa nne, na nina ndoo za rangi tupu kumi na tano. Mwezi wa 12 nilianza kupanda kwa nguvu zote: nyanya, hoho, mchicha, kotimiri, miwaridi miwili, na ndani nikanunua sneki planti, zizi planti na ile vayoleti ndogo ya zambarau. Kila ndoo nimeweka mbolea ya kuku. Maji ni ya kisima, yana chumvi kwa mbali. Namwagilia kila jioni, sijawahi kuruka. Sasa hivi ni mwezi wa pili, nyanya zimerefuka zinatoa maua yote yanadondoka, hoho majani yameungua kingo, waridi limegeuka njano, kotimiri imetoa maua kabla sijaivuna, sneki planti imelainika chini inanuka, vayoleti imekufa. Kilichobaki kizima ni mchicha na zizi planti. Mama mkwe anasema nina mkono mbaya. Nifanyeje? Na hiyo sneki planti niitupe?"

JIBU

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kabla ya yote niongelee hilo la mkono mbaya maana naona limekuchoma kuliko hata nyanya zenyewe. Hakuna kitu kama hicho. Mtu ambaye mchicha wake umesimama kwenye jua la mwezi wa kwanza la Dar, na amemwagilia miezi miwili bila kuruka siku, huyo mkono anao, tena mzuri. Kilichotokea ni kwamba umeipa mimea minane kipimo kimoja cha maji, saa ileile, kila siku ya Mungu, wakati kila mmoja una kwao na tabia za kwao. Ni kama umekaribisha wageni wanane, mmoja ana sukari, mwingine ana vidonda vya tumbo, mwingine amefunga, halafu wote umewapakulia sahani moja ya ubwabwa. Mapenzi yapo, ila kuna watakaoumia.

Mimi nimezaliwa Lushoto, kule ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nimekua naona kabeji na karoti zinaota kama majani tu. Nilipohamia Dar nikapanda kabeji nyuma ya nyumba kama nilivyokuwa nafanya kwa mama, mbegu ileile, samadi ileile, zikatoa majani mapana mazuri, nikasubiri zifunge, hazikufunga hata moja. Tangu hapo nikajifunza kila mmea kabla sijaupanda nauliza kwanza, wewe kwenu wapi? Jibu la hilo swali linakupa nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kujua Dar yenyewe inakuwaje mwezi gani. Kwa hiyo tuanze na nyanya maana ndo nakuona ulizitegemea sana.

Nyanya kwao ni Amerika ya Kusini, maeneo ya milima ya Andes, Peru na Ecuador huko, sehemu ambazo mchana kuna jua ila usiku unapoa. Sasa ua la nyanya lina dume na jike humohumo ndani, likitikiswa na upepo au nyuki chavua inadondoka na tunda linashika. Lakini chavua hiyo haipendi joto la usiku, usiku ukiwa unakaa juu ya nyuzi 24 hivi chavua inaharibika, na mchana ukipita 32 ndo kabisa, ua linakaa siku mbili tatu linageuka njano kwenye kikonyo linadondoka. Na Dar mwezi wa kwanza na wa pili usiku ni nyuzi 25, wewe mwenyewe unajua jinsi unavyogeuza mto kitandani. Kwa hiyo nyanya zako hazina ugonjwa wala hazina njaa, zinatoa maua kwenye miezi ambayo haziwezi kuzaa, na hakuna mbolea wala dawa ya dukani itakayobadilisha hilo, usikubali mtu akuuzie chupa. Ile mbolea ya kuku nayo imechangia kidogo, imezipa majani na urefu kuliko maua, ila mkosaji mkuu ni kalenda.

Ushauri wangu, hizo zing'oe. Najua inauma, ila ukiziacha zitaingia masika zikiwa zimechoka na mvua ya mwezi wa nne itaziletea ugonjwa wa baka jani zifie hapohapo, na zitaambukiza zinazofuata. Ukizing'oa, zile zilizokuwa kwenye udongo wa chini usizitupe kabla hujaangalia mizizi. Ukikuta mizizi ina vinundu vinundu kama shanga ujue una minyoo fundo, iko sana kwenye udongo wetu wa kichanga wa Dar, na hapo kile kipande usirudishie nyanya, hoho wala biringanya kwa misimu miwili mitatu, weka mchicha au mahindi machache au panda maua ya marigodi yakae hapo miezi mitatu. Ukikuta mizizi myeupe imenyooka, mshukuru Mungu uendelee.

Halafu mbegu mpya uzisie wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Ndoo moja pana au trei la mayai la plastiki linatosha, liweke barazani mvua isilipige moja kwa moja lakini jua la asubuhi lifike. Baada ya wiki nne miche ina majani manne matano, mwanzoni mwa mwezi wa sita mvua imekatika unahamishia kwenye ndoo, ndoo moja ya lita 20 mche mmoja, usiweke miwili kwa huruma. Ufukie shina mpaka karibu na majani ya kwanza maana nyanya inatoa mizizi kwenye shina pia. Ikifika mwezi wa saba inatoa maua na usiku wa Dar saa hizo unashuka mpaka 18 au 19, kile kibaridi cha kipupwe ambacho watu wanatoa mashuka mazito, na hicho ndo nyanya inakitaka. Mwezi wa nane na wa tisa unachuma. Nimeona watu wakipanda mbegu ileile kwenye ndoo ileile, tofauti ni mwezi tu, mmoja anakula nyanya mwingine analalamika.

Mbegu nunua kwenye duka la pembejeo, Kariakoo yapo mengi, angalia pakiti imefungwa vizuri, ina lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe haijapita. Tanya na Tengeru 97 ni mbegu za hapahapa nyumbani, zimetoka kwa watafiti wa Tengeru Arusha, unaweza kutunza mbegu zake msimu hadi msimu, tofauti na zile za chotara ambazo ukirudishia hazitoki kama mama yake. Tanya ni fupi kwa hiyo usiikate machipukizi, iwekee mti tu isilale.

Mdudu wa kumwangalia ni kantangaze. Huyu naye ametokea hukohuko Amerika ya Kusini, Tanzania alionekana mwaka 2014 na amewalia wakulima wengi pesa zao. Kwenye jani anatoboa ndani kwa ndani unaona kama karatasi iliyoungua, na kwenye tunda unaona kitundu kidogo kama cha sindano karibu na kikonyo. Wewe una ndoo kumi na tano sio heka, kwa hiyo dawa yako ya kwanza ni macho, kila asubuhi pita geuza majani, lenye alama likate ulitie kwenye mfuko ufunge uuweke juani, usilitupe pembeni. Ukilazimika kupiga sumu ya dukani basi soma siku za kusubiri kabla ya kuchuma, ziko kwenye kibandiko, na kama kibandiko hakisomeki usinunue, chakula hicho ni cha watoto wako. Na likitokea tunda limekuwa jeusi kitakoni, hilo sio mdudu wala ukungu, ni maji yamekuwa leo mengi kesho hakuna, chokaa ya kwenye udongo inasafiri na maji kwa hiyo maji yakikatika kitako cha tunda kinakosa. Sawazisha maji, matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

Sasa tuje kwenye maji maana hapa ndipo penye kiini cha mengine yote. Hoho kuungua kingo za majani, rangi ya kahawia kavu inaanzia nchani inaingia ndani, hiyo ni chumvi. Umesema mwenyewe maji ya kisima yana chumvi kwa mbali, na sehemu nyingi za Dar visima viko hivyo. Nenda kaangalie ukingo wa ndoo zako na juu ya udongo, nina uhakika utakuta utando mweupe. Na cha kusikitisha ni kwamba kule kumwagilia kidogo kidogo kila jioni ndo kumeongeza, kwa sababu maji kidogo yanaishia juu, jua la kesho yake linayakausha, maji yanaondoka lakini chumvi haiondoki, jioni unaongeza tena maji na chumvi nyingine, siku sitini hizo. Ni sawasawa na wanavyotengeneza chumvi kwenye mashamba ya chumvi pwani, maji yanaanikwa chumvi inabaki.

Kwa hiyo badilisha hivi: mwagilia mara chache lakini mwagilia mpaka maji yatoke chini ya ndoo. Usihesabu siku, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kwenye kiungo cha pili, ukikuta unyevu acha, ukikuta pakavu mwaga mengi. Kwa hoho na nyanya kwenye kiangazi inaweza kuwa kila siku au siku moja moja, mwezi wa saba inaweza kuwa mara mbili kwa wiki. Mwagilia asubuhi na mwagilia chini, sio juu ya majani, hasa maji yenye chumvi. Na kila wiki mbili uzisuuze ndoo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, ndoo ya lita 20 umimine kama lita 40 taratibu mpaka itoke chini, chumvi inashuka nayo. Masika inakuja mwezi wa tatu, mvua yenyewe itakusaidia hiyo kazi bure ukizitoa ndoo nje, ila kabla ya hapo hakikisha zina matundu.

Na mvua hiyo ikinge. Watu wanadharau mpaka uwapigie hesabu, paa la mita 10 za mraba tu, mvua ya milimita 10 ambayo kwa masika ni ya kawaida kabisa, unapata kama lita 100. Weka mfereji na pipa. Pipa lifunike na mfuniko au chandarua, na vile visahani vya chini ya ndoo na vyungu usiviache na maji, kwa sababu mbu wa dengi anazalia kwenye maji masafi yaliyotuama kama hayo, tumeshaona Dar mwaka 2014 na 2019 watu walivyolala vitandani. Mimi visahani vyangu vya ndani namwaga baada ya nusu saa, vya nje sina kabisa.

Kama ukiona kisima chako kinazidi chumvi, basi chagua mimea inayokivumilia. Spinachi yetu hii yenye mashina mapana inavumilia, bitiruti pia, bogenvilia na mnazi usiseme. Maharage, karoti na vitunguu ndo vya kwanza kulia, na strawberi usijaribu hata kidogo kwa maji hayo.

Ndoo zenyewe sasa. Hujasema kama umezitoboa na udongo umechukua wapi. Toboa matundu sita mpaka nane kitakoni, msumari mnene uliochomwa moto unapita vizuri, na mengine mawili matatu pembeni chini kabisa ili ndoo ikikaa kwenye pevingi yasizibe. Na kuna kitu karibu kila mtu anafanya, anaweka kokoto chini ya ndoo eti maji yapite. Acha. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope juu karibu na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo. Tundu likiwepo linatosha, weka kipande cha chandarua kikuukuu juu yake udongo usivuje.

Udongo wa kichanga peke yake hauhifadhi kitu, na mfinyanzi peke yake kwenye ndoo unakuwa tofali. Mchanganyiko wangu ni makopo mawili ya udongo mweusi wa juu, kopo moja la samadi iliyooza, na kopo moja la makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa au pumba za mpunga zilizochomwa nusu zikabaki nyeusi. Makumbi Dar hayanunuliwi kwa bei ya kutisha, kwa wauza nazi unabeba kiroba, ila loweka siku mbili ubadilishe maji mara mbili tatu kabla ya kutumia maana nayo yana chumvi yake, hasa kama yalikaa pwani. Faida yake yanashika maji halafu hayabani, mizizi inapumua.

Mbolea ya kuku ndo imenifanya nisimame hapo niliposoma. Ilikuwa imeoza au umeitoa bandani ikaingia kwenye ndoo? Kwa sababu ile ya kuku wa nyama ya huku mjini imejaa maranda, na ikiwa mbichi inafanya mabaya mawili kwa wakati mmoja, kinyesi chenyewe ni kikali kinaunguza mizizi, na maranda yanapooza yanakula naitrojeni ya kwenye udongo mmea unabaki na njaa majani yanageuka njano. Nadhani miwaridi yako imepata hiyo. Mbolea ya kuku ilundike kivulini, inyunyizie maji iwe na unyevu kama sponji iliyokamuliwa, funika na turubai, kila wiki igeuze. Lundo litapata moto mpaka ukichomeka mkono unautoa haraka, hiyo ni dalili nzuri. Wiki sita mpaka nane moto umeisha, harufu imeisha, imekuwa nyeusi kama udongo, hapo ndo mbolea. Kama huna nafasi ya kulundika basi tafuta samadi ya ng'ombe iliyokaa, wafugaji wa Pugu na Chanika wanauza kwa kiroba.

Miwaridi hiyo itoe kwenye ndoo uangalie mizizi, iliyooza nyeusi kata, panda upya kwenye mchanganyiko niliokwambia, iweke sehemu inayopata jua la asubuhi mpaka saa tano hivi halafu kivuli cha ukuta. Usiweke mbolea yoyote mwezi mzima mpaka uone chipukizi. Likichanua na kunyauka, kata chini ya ua, juu ya jani lenye vijani vitano, hapo ndo tawi jipya linatoka. Ila nikwambie ukweli mwanangu, waridi ni la baridi, ndo maana mashamba ya maua ya kuuza nje yako Arusha, Dar litakupa ua dogo linalofunguka asubuhi jioni limechoka, na madoa meusi ya majani yatakuandama kila masika. Mtu akilipenda sana alitunze, simkatazi. Lakini mimi roho yangu iko kwenye maua ya pwani yenyewe ambayo tunayaacha wakati yamezoea hili joto na huu unyevu miaka na miaka. Panda asmini kwenye huo ukuta wako. Chukua kipande cha tawi la mwaka jana urefu wa kalamu, toa majani ya chini, chomeka mwanzoni mwa masika, wiki sita hivi limeshika. Jioni unachuma vichomozo vikiwa vimefumba vyeupe, unaviweka kwenye kisahani, usiku vinafunguka nyumba nzima inanukia. Pembeni yake weka mrehani, huo hata ukiusahau siku mbili haukununii, na ukiukata vichwa mara kwa mara unazidi kutanuka. Bibi zetu walitengenezea vikuba, vile vishada vya kunukia, kwa hivyo vitu na hawakuhitaji kuagiza chochote kutoka mbali.

Kwa mboga sitakuchosha. Kotimiri inachukia joto, ikilisikia inakimbilia kutoa maua, isie mwezi wa sita mpaka wa nane kwenye kivuli chepesi, mbegu zisugue zigawanyike mbili kabla. Mchicha endelea nao, sia kidogo kila wiki mbili ili usipate wote siku moja, changanya mbegu na mchanga mkavu zisirundikane, wiki tatu nne unavuna. Kwenye kile kipande cha ukutani, kama mizizi ya nyanya haikuwa na vinundu, saa hizi weka bamia, nyanya chungu na matembele, hivyo ndo vya joto hasa. Matembele hata mbegu hununui, omba vipande vya mashina kwa jirani, laza ardhini fukia nusu, ukianza kuchuma chuma ncha tu. Pilipili mbuzi nayo mche mmoja kwenye ndoo ya lita 10 unatosha nyumba nzima. Vidukari vikija chini ya majani, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, pulizia jioni ukilenga chini ya jani, kesho asubuhi suuza. Sabuni ya unga usiiguse inaunguza. Mwarobaini pia ni mzuri, kilo moja ya majani mabichi iponde, loweka kwenye lita 10 usiku mzima, chuja, weka sabuni kidogo ishike, na pulizia jua likizama kwa sababu jua linaimaliza nguvu haraka, rudia baada ya siku tano mpaka saba.

Sasa hawa wa ndani. Zizi planti umeshangaa imebaki, mimi sikushangaa, huyo kwao ni hukuhuku Afrika Mashariki, Tanzania imo na Zanzibar imo. Ukiing'oa chini utakuta viazi, humo ndo anaweka akiba ya maji ya kungojea kiangazi. Kila jioni umekuwa unamnywesha mtu aliyeshiba, bahati yako bado hajaoza, anzia leo mpe maji mara moja kila wiki tatu, tena ukisahau usijilaumu.

Vayoleti imeniuma kidogo kwa sababu hiyo ni ya kwetu. Ile vayoleti inayouzwa dunia nzima kwenye vyungu vidogo asili yake ni Tanga na milima ya Usambara, mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huko, Walter von Saint Paul-Illaire, aliiona akaipeleka kwao Ujerumani, mwaka uliofuata wataalamu wakaipa jina kwa kumfuata yeye, na leo wazungu wanaikuza madirishani hawajui hata Amani ya huko Usambara iko wapi. Lakini kuwa ya Tanzania hakuifanyi iwe ya Segerea. Inaota kwenye mawe yenye kivuli chini ya miti mikubwa, hewa imepoa, mizizi yake mifupi myembamba imejibana kwenye udongo kidogo. Maji ya kila jioni yenye chumvi, juu ya yale majani yake yenye manyoya, na joto la sebule ya mwezi wa kwanza, isingeweza. Ukitaka kujaribu tena nunua mwezi wa sita, iweke kwenye dirisha lisilopigwa jua, chungu kidogo, na maji usimwagie juu, weka kwenye kisahani maji ya mvua yenye uvuguvugu wa kawaida, inyonye nusu saa, yaliyobaki mwaga.

Na hiyo sneki planti usiitupe. Kwao ni Afrika ya Magharibi, jani lake limejaa maji kama lile la zizi planti lilivyo na viazi, kuoza chini ni maji tu yamezidi. Itoe, sehemu yote iliyolainika na kunuka kata uitupe, endelea kukata kwenda juu mpaka ukutane na nyama nyeupe ngumu isiyo na doa. Jani zima lililobaki likate vipande vya sentimita nane mpaka kumi, na kila kipande weka alama upande wa chini, kata pembe kidogo, kwa sababu ukikigeuza kichwa chini hakioti. Viache kivulini siku tatu vidonda vikauke, halafu chomeka sentimita tatu kwenye mchanga uliochanganywa na pumba nyeusi, maji kidogo mara moja kwa wiki. Mizizi inakuja baada ya mwezi mmoja mpaka miwili, na mtoto anachomoza pembeni baada ya miezi kadhaa, uwe na subira tu. Kama yako ni ile yenye mstari wa njano pembeni, watoto wa vipande vya majani watatoka kijani kitupu bila mstari, usidhani umekosea tena. Ukiutaka mstari ubaki, chimbua uangalie kama kuna tumba la mzizi lenye uhai chini, hata la ukubwa wa kidole gumba, hilo lipande peke yake kwenye ndoo, litatoka na rangi zake.